Matangazo laivu yanakwamakwama kwenye kompyuta ya sebuleni: mashine mpya, busta au kisimbuzi?

MwanaMkoani: Asalaam alaykum. Nina kompyuta ndogo nimeiunga na TV kwa HDMI, ina tyuna ya USB (kifaa cha kupokea mawimbi ya antena), Tvheadend (programu ya kugawa na kurekodi chaneli) na Kodi (programu ya kuzichezesha). Video za simu zinakwenda laini kabisa. Kwenye matangazo laivu, maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari yanarukaruka, na mchezaji akikimbia kingo zake zinachanika kama meno ya chanuo. Usiku mwengine picha nzima inavunjika miraba na sauti inakatika. Fundi mmoja kaniambia ninunue mashine mpya, mwengine busta, yaani kikuza mawimbi ya antena. Nishike lipi?

FundiBububu: Waalaykum salaam ndugu yangu. Usitoe pesa kwanza, hizo ni ila mbili mbalimbali. Miraba na sauti kukatika ni data inayopotea kabla haijafika kwenye kompyuta, hata ununue mashine ya bei gani. Kurukaruka huku sauti nzima ni uchezeshaji. Matangazo yetu ni ya hezi 50, yaani picha 50 kwa sekunde, na kompyuta yako bila shaka inatoa 60, kwa hiyo kila sekunde picha kumi zinarudiwa kujaza pengo. Video za simu ni fremu 30, zinaingia ndani ya 60 bila baki, ndiyo maana hazikusumbui. Ingia Kodi, mipangilio ya kichezeshi, washa chaguo la skrini kufuata kasi ya video. Hayo meno ni mistari ya picha, ya witiri na ya shufwa, inayotumwa kwa zamu. Washa uondoaji wake (deinterlace) kwenye mipangilio ya video wakati chaneli inacheza.

Jangombe_Juu: Mie naona kisimbuzi tu kinatosha. Unawasha, unatazama.

UmmuWete: Kinatosha kwa asiyerekodi. Mwenye Tvheadend anasimamisha mechi, anakwenda kuswali, anarudi kuendelea pale pale, na chumba cha pili wanatazama kwa tyuna ileile. Mie singeiacha. Kuhusu busta: ukiifunga nyuma ya TV inakuza na kelele ilizozikuta kwenye waya. Mahali pake ni juu, karibu na antena. Na kabla ya hiyo, fungua kiungio cha antena. Sisi tuko pwani, chumvi inakula shaba mpaka inageuka kijani.

MwanaMkoani: Ahsanteni sana. Hezi 50 imemaliza kurukaruka, na meno yameondoka. Miraba bado. Kwenye ukurasa wa hali wa Tvheadend, makosa ya mwendelezo (hesabu ya vipande vya data vilivyopotea njiani) yanapanda kila upepo ukivuma.

UmmuWete: Upepo ukigusa tu? Basi huenda ni kiungio au waya unaocheza, si nguvu ya mawimbi. Busta iache dukani. Kata ncha iliyooza, funga kiungio kipya, kizungushie utepe wa mpira maji yasiingie, kisha waya ufunge kwenye nguzo usining'inie.

FundiBububu: Naam. Na ukishafunga, tazama hesabu hiyo hiyo ya makosa, usitazame picha peke yake. Ikisimama upepo ukivuma, umemaliza.