"Dada yupo": nimechoka kufanywa ua lisilonywa maji

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuipoza. Mwenye "familia ni familia, wasamehe tu" naomba akae nayo kwanza, nimalize.

Nilikuwa nje kikazi miezi mitano. Nyumbani niliacha watu wazima wanne: mama, wadogo zangu wawili na wifi yangu. Niliwaomba kitu kimoja tu. Sebuleni, karibu na dirisha, niliacha ua langu la chunguni, nililolilea mwenyewe miaka saba tangu likiwa kikonyo kimoja nilichopewa kwenye kikopo. Nikawaambia: kikombe kimoja cha maji kila baada ya wiki tatu. Nikapiga hesabu mbele yao, wiki 22, kwa hiyo mara saba. Mara saba, watu wanne, miezi mitano. Nikaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya chungu, asije mtu akasema alisahau.

Nimerudi wiki mbili zilizopita. Karatasi nimeikuta palepale, imepauka kwa jua lakini mwandiko unasomeka vizuri kabisa. Chini yake kuna spika mpya ya mdogo wangu. Ua halipo.

Nililikuta koridoni, nyuma ya mlango wa stoo, mahali ambapo hata mchana unawasha taa. Vikonyo vitatu vimelala sakafuni. Majani yana mikunjo, ukiyabinya yanabonyea. Kikonyo kimoja kati ya vilivyobaki wima kimezungushiwa waya wa chaja, mizunguko minne, imepangwa vizuri ili waya usiburute chini. Juu ya udongo kuna kifuniko cha kalamu na betri mbili zilizokwisha. Nilipitisha kitambaa cheupe kwenye jani moja, kitambaa kikatoka cheusi, na chini ya lile vumbi jani lilikuwa bado kijani. Hapo ndipo nilipolia. Lilikuwa hai! Watu wanapita hapo kila siku kwenda stoo, mlango unaligonga kila ukifunguliwa, ukingo wa chungu umemeguka kwa kugongwa, na hakuna hata mmoja aliyeinama.

Nikawaita wote, nikauliza. Mdogo wangu akanijibu macho yakiwa kwenye simu: "Lile si ulisema halifi, dada?"

Ni kweli nililisifia. Ni ZZ, kitaalamu Zamioculcas zamiifolia. Asili yake ni mashariki na kusini mwa Afrika, sehemu ambazo mvua hukatika kwa miezi, kwa hiyo limejiwekea akiba. Chini ya udongo lina matunguu manene mfano wa viazi yanayotunza maji, na jani lake lenyewe zaidi ya asilimia 90 ni maji. Linaweza kukaa hata miezi minne bila tone na bado ukaliona zima. Kumbe muda wote huo linajila lenyewe kwa ndani. Mimi nilisema linavumilia kiu. Sikusema halina kiu. Mtu mzima anajua tofauti ya maneno hayo mawili, hasa mtu aliyelelewa na mimi.

Sasa nisikilizeni hili. Upande wa pili wa sebule ileile kuna ua la wifi, Spathiphyllum, lile linalotoa ua jeupe kama tanga dogo. Hilo likikosa maji siku chache linaanguka lote, majani yananing'inia pembeni ya chungu kama mtu aliyezimia. Maji yakipungua kwenye seli, jani halina tena cha kulisimamisha. Ukilinywesha, baada ya saa chache limesimama. Nimelikuta limenawiri, lina maua matatu. Kabla hawajalihamisha la kwangu, kati ya vyungu hivyo viwili kulikuwa na hatua nne. Nimezihesabu kwa miguu yangu mwenyewe. Maana yake ni kwamba mtu alikuwa anabeba jagi, analinywesha lile, anageuka na maji yamebaki, anarudi kuyamwaga kwenye sinki. Kwa miezi mitano! Hatua nne zimewashinda.

Sina ugomvi na wifi, wala na ua lake. Nina ugomvi na utaratibu wa nyumba hii, kwamba anayeanguka ndiye anayekimbiliwa, na anayejikaza anasogezwa nyuma ya mlango kupisha spika.

Maana humu ndani kuna maneno mawili yamenilea kuliko hata wazazi: "Dada yupo." Ada ya mdogo wetu wa mwisho ilipokwama, dada yupo. Mama alipobanwa na kifua usiku, dada yupo. Wiki mbili nililala sakafuni pembeni ya kitanda chake na asubuhi nikaenda kazini. Mdogo wangu mkubwa alipoachishwa kazi tulimzunguka, kila jioni lazima mtu amuulize ameamkaje, amekulaje. Ni haki yake, mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kumuuliza.

Mimi, mwezi wa tatu wa safari hii, nililazwa siku nne. Nikaandika kwenye kundi la familia: "Nimelazwa, nimewekewa dripu, nitawajulisha." Ikaja dole gumba moja. Dakika kumi na moja baadaye, mtu yuleyule aliyeweka dole gumba: "Dada, neno la siri la waifai ulibadilisha?" Mkono wa kulia ulikuwa na sindano. Nikaandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, nikamtumia. Siku ya nne nikatoka peke yangu na mfuko wangu begani. Mpaka leo ninavyoandika hapa hakuna anayejua niliumwa nini, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Nilipomweleza mama akanishika mkono akasema, "Wewe mwanangu sina wasiwasi na wewe, Mungu alikupa nguvu." Najua alikuwa ananisifia, na alisema kwa upendo. Lakini sifa hiyohiyo ndiyo iliyofanya nisitazamwe usoni tangu nikiwa na miaka kumi na miwili.

Wanaolea maua watanielewa kwenye hili. Mmea ukipungukiwa naitrojeni, majani yanayoanza kuwa ya njano ni yale ya chini, ya mwanzo kuota. Watu husema yamezeeka. Hayajazeeka, mmea unaichota naitrojeni iliyomo humo na kuipandisha kwenye machipukizi. Kwa hiyo ukitazama kwa juu unaona kijani kitupu na unasifia. Niliacha chuo mwaka wa pili ili wadogo zangu wasome. Sijuti, leo pia ningefanya vilevile. Wana vyeti, wana kazi, mmoja ana mke na nampenda mke wake. Ila siku ya mahafali ya yule wa mwisho nilikuwa mimi ndiye mpiga picha, na kwenye picha zote za siku ile simo. Hakuna aliyesema "dada, lete simu, na wewe ukae." Sikuwahi kuliongelea hili. Leo nimeliongea.

Basi, turudi kwenye ua, maana kilichonifikisha hapa kimetokea baada ya mimi kufoka.

Siku ile ya kwanza nililirudisha dirishani, nikaondoa spika, nikamwagia maji. Yakapita moja kwa moja na kutokea tundu la chini papo hapo. Udongo uliokauka kupita kiasi husinyaa na kuachana na kuta za chungu, ukawa unayakataa maji. Yanateremka pembeni na mizizi haipati kitu. Dawa yake ni kukikalisha chungu ndani ya beseni la maji kama nusu saa, udongo unywe polepole kwa chini, halafu unakitoa kichuruzike. Nikafanya hivyo mbele yao wote. Nikasema kwa kauli yangu: limeshiba, mtu asiliguse kwa wiki tatu.

Kesho yake natoka kazini nakuta sahani ya chini imejaa maji. Keshokutwa hivyohivyo. Mdogo wangu asubuhi, wifi mchana, mama jioni, kila mmoja kwa wakati wake, bila kuulizana. Nakataza, wanaitikia, nikitoka wanamwaga. Siku nane! Na ua hili linavumilia ukame, lakini maji yakituama linaoza, matunguu yanaozea chini huku juu huoni kitu. Nilipowaeleza hilo mdogo wangu akaja juu: "Tusiponywesha kosa, tukinywesha kosa. Unataka nini sasa, dada?"

Nataka uliangalie kabla ya kumwaga. Ingiza kidole kwenye udongo, kiungo cha pili tu kinatosha, uone kama kumelowa au kumekauka. Ndicho kitu nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo, na ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyekifanya.

Na mimi walinifanyia vilevile. Wiki ile niliyofoka nilipokea meseji kama siku ya harusi. "Dada tunakupenda." "Dada wewe ni nguzo." "Dada pole kwa yote." Yote yapi? Mtu ameandika "pole kwa yote" na halijui hata moja. Nilimjibu mmoja wao, nikamwambia, niulize kile kipindi nililazwa na nini. Akatuma moyo mwekundu. Hakuuliza. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa namwagiwa maji ninyamaze.

Jana jioni vikonyo viwili zaidi vilianguka, nikakipindua chungu juu ya magazeti. Matunguu matano. Mawili yamekuwa rojo, yananuka, kidole kinazama. Nimeyakata na kuyatupa. Matatu bado magumu, moja lina kovu ubavuni, nimelikwangua mpaka nikafika penye weupe. Nimeyaacha wazi yakauke kidonda kabla ya kuyapanda kwenye udongo mkavu wenye mchanga mwingi. Yapo chumbani kwangu na mlango nimefunga kwa funguo. Waliowahi kuokoa ZZ iliyooza wanisaidie: baada ya kupanda mlisubiri muda gani ndipo mkatia maji ya kwanza? Nasikia kuanzia wiki moja, sitaki kukosea tena na matatu yaliyobaki.

Na vifungua mimba wenzangu mliomo humu, sitaki pole zenu, nataka kujua ni nani aliyewahi kuwaambia watu wake waziwazi kwamba amechoka, na wakamsikia. Aliwaambiaje? Maneno gani alitumia? Mimi nimejaribu kwa upole miaka mingi, na juzi nimejaribu kwa kufoka.

Jana saa tatu usiku nilijitoa kwenye kundi la familia. Sasa hivi ni saa nane mchana. Simu imelia mara moja. Ni mdogo wangu, anauliza ule waya wake wa chaja uliokuwa koridoni nimeuweka wapi.