Tupeane uzoefu: mliowahi kufika St Mullins, kando ya mto Barrow

Mwanzisha mada
Wanajamvi, heshima zenu. Mimi ni muuguzi, nipo Ayalandi, kaunti ya Carlow. Nani kati yenu amefika kijiji cha St Mullins, na alikuta nini? Naanza mwenyewe.

Bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia, amepita miaka 90, aliniomba nimsindikize Jumapili ile ya Julai wanayoiita Pattern. Nilidhani tunakwenda misa tu. Kumbe koo nzima nzima hurudi makaburini: huyu anang'oa majani, yule anapanga maua, watoto wanaonyeshwa nani kalala wapi, kisha padri anabariki makaburi. Yote hayo katikati ya magofu ya monasteri aliyoianzisha Mtakatifu Moling, aliyefariki mwaka 697. Watu wanazikwa hapo mpaka leo.

Halafu tukateremka kisimani. Mwaka 1348, tauni ilipoingia Ayalandi, mtawa John Clyn wa Kilkenny aliandika kwamba maaskofu, mapadri na watu wa kila namna walimiminika hapa kwa maelfu kuingia majini, wengine kwa ibada, wengi kwa hofu ya tauni. Bibi alinawa uso, akanyamaza kitambo. Kwa kazi yangu hii, miguu iliniisha nguvu nikiwawaza wale wagonjwa.

Mwana wa Pangani
Shikamoo dada. Mimi kilichonishangaza ni mto wenyewe. Nilikaa ukingoni nikaona maji yanapanda, na bahari iko mbali kabisa. Mzee mmoja akanieleza: kujaa na kupwa kunaishia hapo St Mullins, juu yake ni maji ya mto matupu. Nimekulia mlangoni mwa mto, nikajihisi nyumbani.

Pale pale ndipo milango ya maji ya mwisho, ile ya kupandisha na kushusha vyombo. Matishari yalikuwa yakipita na nafaka hadi biashara ilipokoma mwaka 1959. Njia waliyopita farasi wakivuta matishari ndiyo tunayotembea sasa, kilomita zaidi ya 100 ukiimaliza yote. Mimi nilianzia Graiguenamanagh tu, mji mdogo wa jirani, asubuhi moja ikatosha.

Msomaji wa Dublin
Ongezeni na hili. Chuo cha Trinity hapa Dublin kinatunza kitabu kidogo cha Injili, Kitabu cha Mulling (ndiye yule Moling). Mwishoni kuna mchoro wa miduara na misalaba yenye majina ya wainjilisti na manabii, na wapo wataalamu waliouona kuwa ramani ya monasteri hiyo. Kilihifadhiwa ndani ya kasha lenye jina la Art MacMurrough Kavanagh, mfalme wa Leinster, jimbo la mashariki mwa Ayalandi, aliyepigana na mfalme Richard II wa Uingereza. Wenyeji husema amezikwa St Mullins. Nilipofika nilitafuta ile miduara ardhini, sikuiona, lakini nilitembea taratibu kuliko kawaida yangu.

Mgeni Carlow
Swali: asiye Mkatoliki anaruhusiwa siku ya Pattern? Naogopa kukosea adabu.

Mwanzisha mada
@Mgeni Carlow, nenda bila wasiwasi. Usikanyage makaburi, ukisalimiwa itikia, na ukiulizwa umetoka wapi jibu kwa kirefu, maana wanauliza kwa kutaka kujua kweli. Panda na kile kilima cha udongo kando ya makaburi, ni ngome ya Wanormani, wavamizi wa zamani. Ukiwa juu yake utaona bonde lote.

@Mwana wa Pangani, marahaba. Maji kupanda sikuyajua, mara zote nilikuwa nikitazama makaburi.

Bibi yule alifariki Februari. Julai nilikwenda tena, safari hii na kijembe mkononi. Bintiye akanionyesha mpaka wa kaburi la kwao, akasema wewe anzia upande wa miguu, mimi nitaanzia kichwani.