Mjadala: Usaili wa walimu ubaki au turudi kwenye mwaka wa kuhitimu?

Wakuu habari za mchana, naomba tulijadili hili kwa utulivu maana karibu kila ukoo una mwalimu yuko nyumbani.

Zamani ukimaliza chuo unaomba Tamisemi, wanaangalia somo lako na mwaka uliohitimu, siku moja unaona jina lako kwenye PDF na shule uliyopangiwa, unafunga begi unaenda. Siku hizi ni Sekretarieti ya Ajira. Unafungua akaunti Ajira Portal, unajaza namba ya NIDA, unapandisha vyeti, unasubiri kuitwa, unafanya mchujo wa kuandika, ukivuka unaitwa mahojiano, ukivuka tena ndo upangiwe kituo au ubaki kanzidata mpaka nafasi itokee. Mwanzoni mwa 2025 nafasi zilikuwa 14,648 na walioomba ni zaidi ya laki 2. Baada ya hapo walimu wasio na ajira kupitia umoja wao wa NETO wakajitokeza hadharani kuulalamikia huu usaili, wakitaka waliohitimu miaka ya nyuma wafikiriwe kwanza.

Msimamo wangu: usaili ubaki, ila miaka ya kusubiri ipewe maksi na mahojiano yahamie darasani.

Nimehitimu 2017, Historia na Kiswahili. Tangu 2019 najitolea sekondari ya kata, wazazi wanachanga, mwezi ukiwa mzuri napata elfu 80. Mchujo nilivuka. Siku ya mahojiano nimekaa kwenye benchi toka saa 1 asubuhi, bahasha ya kaki mapajani, pembeni yangu kuna binti amemaliza 2023 anapitia notisi zake za saikolojia ya elimu, vichwa vya habari kaviandika kwa peni nyekundu, yaani vitu bado vya moto kichwani. Mimi nilipoulizwa namna ya kufundisha mada fulani nikaeleza ninavyofanya kila wiki, nikasahau kutaja hatua kwa majina yake kama zilivyo kwenye andalio la somo. Wasaili walikuwa waungwana na sina lawama nao, ila natoka pale mlangoni nilishajua. Jumatatu nikarudi kwa fomu tuu wangu 87 tukaendelea na ngeli.

---

Pole sana dada mleta mada ila hapo kwenye miaka ya kusubiri nakupinga. Mimi niko kazini mwaka wa 11 sasa. Enzi hizo za mwaka wa kuhitimu tulipokea mwenzetu wa hesabu, alikuwa amekaa mtaani miaka 6 anauza simu, mtu mwema kabisa, ila logarithimu zilikuwa zimeshamtoka na watoto wa fomu thrii wakawa wanamsahihisha ubaoni mpaka akaomba abadilishiwe somo. Hao watoto mwaka wao ndo umeishaenda hivyo. Kukaa mtaani kunaumiza, ni kweli, lakini sio sifa ya kufundisha.

---

Mkuu unayesema hivyo, sisi tumeenda BTP (mazoezi ya kufundisha mashuleni), tumesahihishiwa maandalio, chuo kimetupa digrii. Kama digrii haitoshi basi wabanwe vyuo, kwa nini nibanwe mimi? Halafu hakuna anayeongelea gharama. Tangazo linasema wazi kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Mimi natoka Kibondo, usaili Kigoma mjini. Mara ya kwanza mama aliuza mahindi debe nne. Nilipovuka mchujo ilibidi nirudi tena kwa ajili ya mahojiano, na safari hiyo kuvuka kwenyewe kuliniletea huzuni maana nilijua nyumbani hakuna kitu cha kuuza. Mimi nasema ufutwe.

---

Usifutwe jamani. Mimi ni wa 2015 masomo ya sanaa, kwa utaratibu wa zamani niliona wa nyuma yangu wanapangiwa kwa sababu ya sayansi na hakuna siku niliyopewa hata karatasi nijipime. Mchujo angalau najua nimekosa wapi. Ila kama kujitolea nako kutahesabiwa, dada, barua za kuthibitisha zitafojiwa, kila mtu ataleta ya kwake.

---

Asanteni wote. Kaka uliyeleta kisa cha mwalimu wa hesabu nakubaliana na wewe kwenye jambo moja, aliyesahau somo asiingie darasani, ndio maana sijasema usaili ufutwe. Nachosema hivi: mchujo ubaki ulivyo. Akishavuka, badala ya kumuweka kiti cha mbele ya meza ya watu watatu, apelekwe shule yoyote ya jirani afundishe kipindi kimoja cha dakika 40, wasaili wakae nyuma na daftari zao. Yule mwenzako wa hesabu angeonekana ndani ya dakika 10 tu, na mimi ningeonekana pia. Kisha maksi chache ziongezwe kwa aliyesubiri huku anafundisha, narudia, huku anafundisha. Mdogo wangu wa Kibondo, shule ya karibu hata wilayani kwenu ipo, nauli hiyo isingekula mahindi ya mama.

Kuhusu barua za kufoji, barua haihitajiki. Kila shule ina kitabu cha mahudhurio ya walimu ofisini, unasaini ukifika na ukitoka. Kwetu vimeshajaa vinne toka nianze, viko kabatini kwa mkuu wa shule, saini yangu imo kuanzia Januari 2019. Waje wafungue.