Kidato cha pili, kusoma kunamtesa, sasa kaanza bangi. Tuanzie wapi?

Mwl. wa Malezi
Habari zenu wakuu. Kijana ana miaka 16. Akiongea utamsikia ana akili, ila kusoma ni shida. Siku hizi anavuta bangi na wenzake kijiweni, na kamati ya nidhamu inataka asimamishwe wiki mbili. Je, ni bangi iliyomvuruga, au kushindwa kusoma ndiko kulikompeleka huko?

ElimuMaalumu
Mwalimu, anza na historia yake. Ulemavu wa ujifunzaji hauzuki kidato cha pili, huonekana tangu KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) za darasa la kwanza na la pili. Tafuta ripoti za shule ya msingi na umuulize mama yake. Kama alisoma vizuri kisha akaporomoka ndani ya muhula mmoja, angalia bangi, mambo ya nyumbani, macho na masikio.

Halafu mpime kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza wengi hukwamishwa na lugha tu. Chukua aya ya maneno 100 ya darasa la nne. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mwenye disleksia (ulemavu wa ujifunzaji unaofanya kusoma kuwe kugumu hata kwa mwenye akili) anaweza asikosee sana. Utamjua kwa kusoma polepole: "wa-li-po-m-ko-sa", kidole kwenye mstari, akifika mwisho kasahau mwanzo. Aya ya pili msomee wewe. Kwa kila aya uliza maswali 5 ya mdomo. Akipata 1 kwa aliyosoma mwenyewe na 4 kwa uliyomsomea, kizuizi ni kusoma. Ila usimpime akiwa amevuta, bangi inavuruga kumbukumbu na utapata jibu la uongo. Majibu yapeleke kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri.

Nesi wa Vijana
Disleksia yenyewe haimvutishi mtu bangi. Kinachomsukuma ni aibu. Anasimamishwa asome, darasa linacheka, anatoroka vipindi, na kijiweni hakuna anayempa kitabu. Ndiyo maana hiyo adhabu naipinga kabisa: mtampa wiki mbili za kushinda kijiweni kutwa.

Muulize faraghani: mara ngapi kwa wiki, na nani, kabla ya kipindi gani? Hilo la mwisho lina uzito. Akivuta asubuhi ya siku zenye kipindi cha kusoma kwa sauti, umeshajua anachokikimbia.

Vipeperushi achana navyo, hatavisoma. Mwambie jambo moja, alirudie kwa maneno yake. Igizeni namna ya kukataa msokoto, zaidi ya mara moja, mpaka maneno yamtoke bila kutafuta. Ushauri wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni bure kwa simu namba 119. Akianza kusikia sauti zisizokuwepo au kuhisi anafuatwa, hospitali siku hiyo hiyo.

Mwl. wa Malezi
Asanteni sana. Kusoma mbele ya darasa nimwondolee?

ElimuMaalumu
Kuanzia kesho. Akitaka mwenyewe kusoma, mpe mistari 3 jana yake akaifanyie mazoezi. Majaribio msomee maswali, ajibu kwa mdomo, na alama zake zihesabiwe kama za wenzake.