Mjadala: Waliorudi bonde la Msimbazi wakikumbwa tena na mafuriko, tuendelee kuwasaidia?

Mwana Ilala: Wadau, masika hayo yanakuja na sote tunajua kitakachotokea. Barabara ya Jangwani hapa Dar itafungwa, abiria wa Kariakoo watashushwa Magomeni, usiku tutaona picha za watu juu ya mapaa. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo haijawahi kuonekana tangu 1954, watu zaidi ya 40 wakafa, serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande. Wapo waliouza wakarudi. Mwishoni mwa 2015 nyumba zikawekwa alama za X, tingatinga likazivunja, watu wakarudi tena. Sasa upo mradi wa bonde, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, fidia zimelipwa na nyumba zimevunjwa, lakini pembezoni bado watu wanapanga vyumba. Aliyerudi kwa hiari yake, maji yakimwingilia tena, kodi zetu zimsaidie au abebe mzigo wake? Tujadili bila matusi.

Msomi wa Chuo: Sheria ya Mazingira ya 2004 iko wazi: mita 60 kutoka ukingo wa mto, hakuna shughuli za kudumu. Mjadala umeisha.

Mtu wa Kigogo: Kwa hiari yake? Ndugu Mwana Ilala, mimi nabeba mizigo Kariakoo. Kutoka Mabwepande mpaka sokoni ni kilomita 30 na ushee. Anayewahi gari la alfajiri ndiye anayepata kazi, na mimi nilikuwa nafika wenzangu wameshagawana. Ningekula hicho kiwanja? Hapa nyumbani mlangoni nimejenga kizingiti cha saruji kinachonifika gotini, unakiruka ndipo uingie ndani. Kitanda kimekaa juu ya matofali manne kila mguu. Vyeti vya watoto viko ndani ya ndoo yenye mfuniko, imening'inizwa kwenye kenchi. Hatujakaa tunasubiri pole ya mtu. Na hayo maji mnayoyaona kwenye picha si ya mvua tupu. Wingu likitanda tu, watu wa juu huko Mabibo na Tabata mpaka Segerea wanafungulia vyoo vyao. Uchafu wenu unatufika kiunoni, halafu mnatuuliza habari za kodi!

Dada wa Tabata: Hapo kwenye vyoo uniombe radhi. Tabata nzima tunafungulia vyoo? Mimi karo langu la choo likijaa naita gari la majitaka na nalipa. Usibebe shida zako ukatupaka watu usiotujua mtaani kwetu.

Mtu wa Kigogo: Sikukutaja wewe dada. Ila mimi harufu naijua, na kinachoelea mlangoni kwangu nakiona kwa macho.

Fundi Bomba: Mtu wa Kigogo hasemi uongo. Nimeingia nyua nyingi za mji huu. Unakuta karo limejengwa vizuri, lina mfuniko wa zege, lakini kwa pembeni kuna bomba la inchi 4 linatokeza ukutani upande wa mfereji. Mdomoni limezibwa kwa tambara lililoviringishwa kwenye chupa ya plastiki. Mvua ikichanganya usiku, mtu anatoka na kanga kichwani, anachomoa, anarudi kulala. Asubuhi karo liko tupu. Mwenye nyumba anajua, wapangaji wanajua, mjumbe anajua.

Baba Mwenye Nyumba: Mnasema wenye nyumba kana kwamba tunapenda. Nina wapangaji wa vyumba nane, choo kimoja, kinajaa kila baada ya muda mfupi. Tripu moja ya gari inapita kodi ya chumba ya mwezi. Na gari lenyewe halifiki, kwetu uchochoro bajaji haipiti. Wakitakiwa kuchanga kila mtu ana safari.

Mpangaji Mwaminifu: Mzee, shikamoo, lakini hapo hapana. Unapokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, vyumba nane, halafu choo tuchange? Ulipoongeza chumba cha nane uliongeza na shimo? Sisi ndio tunaolala na harufu, wewe unakuja kuchukua hela na kuondoka.

Baba Mwenye Nyumba: Marahaba. Jenga yako basi, uone mfuko wa saruji unavyouma.

Mwana Ilala: Jamani tumetoka nje ya mada. Nimeuliza kuhusu msaada kwa waliorudi bondeni.

Bibi Afya: Mwanangu, mada ndiyo hii. Kipindupindu cha 2015 mmekisahau? Tulikuwa tunabeba watu usiku. Ukishachomoa tambara, anayekunywa ni mtoto wa bondeni.

Msomi wa Chuo: Kipindupindu kile kilianza Agosti, wakati wa kiangazi. Mvua haihusiki.

Bibi Afya: Kilianza Agosti kikapita vuli yote kikaingia 2016. Usinisomeshe nilichokiona.

Mwana Rufiji: Na sisi wa Rufiji je? Aprili 2024 mashamba yote yalikwenda na maji, mpaka leo watu wanabishana kama ni mvua au ni bwawa la umeme la Nyerere. Mbona hamtuanzishii mjadala?

Dereva Mkongwe: Msomi anatuletea mita 60. Karakana ya mabasi ya Mwendokasi ilijengwa wapi? Palepale Jangwani, mabasi yakazama. Aliyejenga pale alikuwa na wataalamu na ramani, mbeba mizigo wa Kigogo ana nini? Na huko juu Kinyerezi na Segerea viwanja vyote vimesakafiwa, mchanga wa mtoni umechimbwa, maji ya kutoka milima ya Pugu yaende wapi?

Msomi wa Chuo: Kosa la mmoja halimpi mwingine ruhusa. Mtoto akifa kwenye maji hutamwambia mama yake habari za karakana.

Mtu wa Kigogo: Usimtaje mtoto wa mtu kushinda ubishi. Mwaka ule wa mafuriko tulizika jirani. Nyinyi mlikuwa mnapiga picha darajani.

Msomi wa Chuo: Pole kwa msiba. Ndiyo maana nasema muondoke, siyo kwamba nawachukia.

Mtu wa Kigogo: Sijajibiwa la vyoo. Dada wa Tabata, gari lenu likitoka kwako linamwaga wapi?

Dada wa Tabata: Kwenye mabwawa ya majitaka Vingunguti. Risiti ninayo.

Fundi Bomba: Na jirani yako dada, ukutani kwake kwa nyuma hakuna bomba?

Dada wa Tabata: Sijawahi kuchungulia uani kwa watu.

Mtu wa Kigogo: Basi chungulia kabla mvua hazijaanza. Mimi kizingiti nimeshajenga, cha kwangu nimefanya.

Dada wa Tabata: Nitamfuata mjumbe Jumamosi tupite naye nyumba kwa nyumba, na Baba Mwenye Nyumba naye apite kwake. Lakini ukisema, taja nyumba. Usiseme Tabata.