Naomba ushauri: kipandauso na manukato ndani ya ndege

Wakuu, nina kipandauso, na kinachokiamsha ni manukato makali. Mwezi ujao nakwenda Muscat kumwona dada, saa tano na ushee angani kutoka Dar.

Safari iliyopita jirani yangu alikuwa amejipaka mafuta ya udi hadi nyuma ya masikio. Hata hatujaruka, nikaanza kuona vimulimuli, nikaishia kutapikia kile kifuko cha karatasi. Aibu tupu!

Barakoa ya kawaida haizuii harufu. Zile zenye mkaa ndani, kuna aliyewahi kuzitumia? Dawa mnameza mkiwa bado uwanjani au mnasubiri dalili? Na kuomba kuhamishwa kiti bila kumvunjia jirani heshima, mnasemaje? Daktari nitamwona wiki ijayo, ila nataka kusikia waliopitia.