Tupeane uzoefu: hela ya mezani ilipokata, ulibaki nani?

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa kibarazani, ndani wameshalala.

Nilikuwa dereva wa lori kwenye kampuni moja hapa Dar, safari za Tunduma. Magari yakauzwa, tukaambiwa tusubiri kuitwa. Huu mwaka wa nne nasubiri. Mke wangu anauza supu na chapati, yeye ndiye aliyetushika.

Basi mama yangu akaja kutoka Korogwe kwa ajili ya kliniki ya macho, akakaa wiki tatu. Kila usiku akishalala, mke wangu anakunja noti ya elfu kumi anaitia kwenye mfuko wa suruali yangu iliyotundikwa mlangoni. Asubuhi mimi naitoa, naiweka chini ya chupa ya chai, nasema kwa sauti: "Mama Junior, ya mboga hiyo." Naye anaitikia, "Asante, baba." Hela yake mwenyewe! Mama anakunywa chai, ametulia, mwanawe mwanaume.

Kuna asubuhi nikapeleka mkono mfukoni, hamna kitu. Mama ananitazama. Nikasema pochi nimeiacha chumbani, nikaingia, nikakaa kitandani. Miaka 41, najificha mama yangu. Nikajiuliza: siku zote nilikuwa mtu, au nilikuwa posho ya safari tu?

Karibuni. Wa matusi apite kimya kimya.

Upande wa Pili
Mie ndiye mwenye kuitia hiyo noti, kwa maana ya kwamba nami ni mke, ila si mkeo. Nilipandishwa cheo kazini, mwaka mzima sikumwambia mume wangu. Kwenye kicheni pati somo alinifundisha kumsitiri mwanaume, mpaka namna ya kumpa hela asijione kapewa. Nilisubiri yafike mafunzo ya yeye kunisitiri mimi, shughuli ikaisha tukagawana vyombo. Kaka yangu, wewe ulikaa kitandani mara moja. Mkeo alikuwa anakunja noti kila usiku.

Bachela Sugu
Nimesoma, nimeahirisha kuoa.

Karani Mstaafu
Msimtwishe somo wa watu lawama zote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inasema wajibu wa kumtunza mke ni wa mume: malazi, mavazi, chakula. Mke mwenye uwezo anapewa wajibu wa kumtunza mume pale tu mume anaposhindwa kujipatia riziki kwa kuumia au kwa ugonjwa, wa mwili au wa akili. Mwajiri kuuza malori si ugonjwa wala jeraha. Kwa hiyo mkuu, ungevunjika mguu ungekula supu ya mkeo kwa mujibu wa sheria. Ubaya wako una afya.

Mpwa wa Uluguru
Kwetu sisi Waluguru wa Morogoro ukoo ni wa mama, na mwenye sauti ni mjomba. Baba yangu alikuwa mpole, anachota maji, anapika, na sikuwahi kusikia mtu akimcheka. Nimekua nikijua mwanaume ni yule anayewasimamia watoto wa dada yake. Nikaja kuoa Moshi. Mwaka wa kwanza nikalipa ada ya mpwa wangu kabla ya kununua kitanda, wakwe wakaniitia kikao. Shemeji akaniuliza, "Wewe ni mwanaume wa nyumba gani?" Hadi leo sina jibu. Nikienda Morogoro naonekana nimetekwa na mke, nikirudi Moshi naonekana nimeoa dada zangu. Ada nalipa bado, ila risiti zinakaa kwenye gari.

Upande wa Pili
Mleta mada, hujamalizia. Siku ile mkeo alisahau, au alichoka?

Mleta mada
Nilimuuliza jioni yake, tukakaribia kugombana. Aliapa aliitia. Tukapindua suruali, mfuko una tobo la kupitisha vidole viwili. Tukatafuta chini ya mlango na kwenye mkeka, noti haipo.

Siku mama anaondoka nilimsindikiza stendi ya Mbezi. Kwenye kulipa mzigo nikatia mkono mfukoni, vidole vikagota. Tobo limeshonwa kwa uzi mweusi, mishono minene imepishana, na macho yale yale ya kliniki. Elfu kumi imo, imekunjwa mara nne. Mke wangu huwa anakunja mara mbili.